Mwanga Unaouangukia Uso

Mpiga picha anayeijua kazi yake huiacha kamera juu ya stendi, akamwendea anayempiga picha mpaka mbele ya uso wake. Chini ya kidevu anashika kifaa kidogo chenye kuba nyeupe ya plastiki. Anaigeuza kuba ielekee kule ilikobaki kamera, anabonyeza kitufe, mshale unaruka, unayumba kidogo, unatulia. Anakiachia kitufe na mshale unaganda pale pale uliposimama. Anaisoma namba iliyo chini yake, anazungusha gurudumu mpaka alama iifikie namba hiyo hiyo, na hapo jozi zote za kasi ya shata na tundu la lenzi zinazofaa kwa mwanga ule zinajipanga mbele ya macho yake. Anachagua jozi moja, anarudi kuiweka kamera sawa. Aliyezoea kupiga picha kwa simu huziona hizo kuwa hatua za bure. Mimi naamini safari ile fupi, ya kutoka kwenye kamera kwenda kwa mtu na kurudi, ndiyo iliyobeba ufundi wa mita ya mwanga ya mkononi.

Kuna mwanga unaokiangukia kitu, na kuna mwanga unaorudi kutoka kwenye kitu hicho. Kamera yenye mita ndani yake inaujua huu wa pili peke yake. Imekaa mbali, inapokea kilichorudi, na kwa kuwa haina njia ya kujua imeelekezwa kwenye nini, inakisia kwamba vitu vyote vikichanganywa pamoja huwa vya kijivu cha wastani. Kadi ya kijivu ya Kodak, ambayo wapiga picha wameitumia kwa miaka mingi kuwa kipimo cha kijivu hicho, inarudisha asilimia 18 ya mwanga unaoipata. Kwa shamba, barabara na anga yenye mawingu, kisio hilo linafaa kabisa. Shida huanza kinapotokea kitu cheupe kweli au cheusi kweli.

Chukua bwana harusi wa Unguja, kanzu nyeupe na joho jeusi lenye nakshi za dhahabu, amesimama barazani kivulini. Ndani ya kamera kuna filamu ya ISO 400. Ukiikaribisha mita ya kamera kwenye kanzu tu, itaona mwanga mwingi na kukuamuru ufunge tundu la lenzi mpaka f/16 kwa shata ya 1/250 ya sekunde. Kanzu itatoka ya kijivu, na uso wa bwana harusi utazama. Ukiielekeza kwenye joho, itaona giza na kukuambia ufungue mpaka f/4 kwa shata ile ile. Joho litakuwa la kijivu, kanzu itapoteza mikunjo yake yote, na ile darizi ya shingoni, ambayo fundi aliikalia siku nyingi, haitaonekana tena. Kati ya majibu hayo mawili kuna tofauti ya stopu nne, na kwa kuwa kila stopu ni kuuzidisha mwanga mara mbili, hiyo ni tofauti ya mara 16. Mtu ni yule yule, baraza ni lile lile, hata wingu halijasogea.

Sasa mwendee na ile kuba. Ukiishika mbele ya uso wake, ikitazama kamera, itakupa f/8 kwa 1/250. Itakupa hivyo hivyo akivaa joho, akilivua, au akimwachia nafasi rafiki yake mwenye suti ya kijivu. Mita ya aina hii haimtazami bwana harusi kamwe. Imesimama pale alipo yeye, inaupokea mwanga ule ule unaoliangukia paji la uso wake, na haina habari na rangi ya nguo wala ya ngozi. Kwa hiyo kanzu inakuwa nyeupe kwa sababu ni nyeupe, joho linakuwa jeusi kwa sababu ni jeusi, na uso unapata mahali pake kati ya hivyo viwili. Fundi cherehani anayekupima bega kwa utepe hupata kipimo chako hasa, wakati yule anayekutazama kwa mbali na kukisia atakushonea shati la mtu wa wastani.

Kwetu sisi wenye ngozi nyeusi hili si jambo dogo. Wengi tunazo albamu za harusi ambamo shela la bibi harusi limetoka vizuri lakini nyuso zimekuwa vivuli visivyo na macho, kwa sababu kamera ilidanganywa na weupe wa nguo. Historia ya filamu yenyewe ilichangia: kwa miongo kadhaa maabara za picha za rangi zilisawazisha mitambo yao ya kuchapia kwa kadi zenye picha ya mwanamke mweupe, kadi zilizojulikana kwa jina la Shirley. Kuba haiwezi kuyasahihisha yaliyofanywa maabara, lakini inaondoa kosa la kwanza, lile linalotokea kabla hata shata haijafunguka. Na baada ya hapo mpiga picha ana uhuru wa kuamua. Mimi, kwa uso mweusi sana ulio kivulini, huongeza nusu stopu juu ya kile mita ilichosema, ili shavu lililo upande wa giza liwe na umbo. Roy DeCarava, aliyewapiga picha watu weusi wa Harlem na kutoa nao kitabu The Sweet Flypaper of Life mwaka 1955 pamoja na Langston Hughes, alichagua njia nyingine: aliziacha nyuso zikae ndani kabisa ya weusi, nyeusi juu ya nyeusi, na bado zinasomeka. Kufika kule alikofika hakuwezekani kwa kukisia. Anayetaka kuiacha picha iwe na giza lazima kwanza ajue mwanga ulikuwa kiasi gani.

Wazo la kuba ni la Mmarekani Don Norwood, aliyepata hataza yake mwaka 1940. Kabla yake watu walikwisha kupima mwanga unaoanguka kwa kutumia bamba bapa, lakini uso wa mtu si bapa. Una pua, una mashimo ya macho, una upande unaotazama dirisha na upande unaotazama ukuta. Nusu ya tufe hupokea mwanga kutoka pande zote ambazo uso huupokea, mwingi kutoka mbele na kidogo kidogo kutoka ubavuni, ikauchanganya kwa uwiano unaokaribiana na wa uso wenyewe. Wapiga picha za sinema waliipenda mara moja. Wao wana tatizo ambalo sisi wa picha za mnato hatunalo: mwigizaji akipigwa kwa karibu asubuhi na kwa mbali alasiri, vipande viwili vikiungwa, uso wake hauwezi kubadilika rangi katikati ya mazungumzo. Mita ya Norwood ikarithiwa na kampuni ya Sekonic ya Tokyo, na Sekonic L-398, yenye kuba na mshale, ni mtoto wake wa moja kwa moja. Ndiyo ninayoijua zaidi.

Kichwa chake kinazunguka, hivyo unaweza kuielekeza kuba kwenye kamera huku ukiusoma mshale kutoka ubavuni bila kujiziba mwanga. Kuna kibamba chembamba cha chuma chenye matundu kinachochomekwa juu, nyuma ya kuba, mwanga ukiwa mkali. Kinapunguza mwanga mara 32, na ukikitumia unalinganisha namba na alama nyekundu ya H badala ya alama ya kawaida. Ukisahau kukichomoa unapoingia ndani ya nyumba, mshale hausogei kabisa, na hilo linakukumbusha. Kuba yenyewe inatoka, na mahali pake panaingia kisahani bapa cheupe cha kupimia taa moja moja: upande huu wa uso unapata kiasi hiki, upande ule nusu yake. Vyote hivyo vinafanya kazi bila betri. Ndani ya zile za zamani kuna bamba la seleni, na mwanga ukiligonga, umeme mdogo sana unazaliwa, wa kiasi cha maikroampea, na umeme huo huo ndio unaousukuma mshale. Mwanga unajipima wenyewe kwa nguvu zake wenyewe. Sijawahi kukizoea kitu hicho.

Seleni iliingia mikononi mwa wapiga picha kupitia watu wa vipimo vya umeme. Edward Weston, Mwingereza aliyehamia Marekani, hana uhusiano na mpiga picha mashuhuri wa jina hilo hilo. Yeye alikuwa mhandisi ambaye seli yake ya umeme ilikubaliwa mwaka 1911 kuwa kipimo cha kimataifa cha volti. Kampuni yake ya Newark, New Jersey, ilitoa mita ya mwanga ya Weston Universal 617 mwaka 1932, na mwaka 1939 ikatoa Weston Master, ya chuma na kioo, nzito kwa ukubwa wake, inayotosha kiganjani. Hii haina kuba. Nyuma yake kuna kioo chenye vijicho vingi kinachoupokea mwanga unaorudi, na kifuniko chenye matundu cha kufunga nje juani na kufungua ndani; ukikifungua, namba za mshale zinabadilika zenyewe kufuata. Wakati ule hata kasi ya filamu haikuwa na kiwango cha pamoja Marekani, kwa hiyo Weston walizijaribu filamu wenyewe na kuzipa namba zao.

Ninachokistahi zaidi katika Weston ni gurudumu lake. Pembeni mwa alama kuu, upande mmoja kuna herufi U na upande wa pili O. U ni mpaka wa kivuli: kitu chenye giza kuliko hapo filamu haitakiandika. O ni mpaka wa mng'ao. Kati ya mipaka hiyo mwanga unatofautiana mara 128, yaani stopu saba. Mita hii ilikuwa inamwambia mpiga picha wazi kwamba kitu alichokipima si lazima kiwe katikati. Angeweza kukiweka karibu na U kikawa kivuli kizito, au karibu na O kikawa cheupe chenye uhai, na vingine vyote katika picha vingejipanga kwa kukifuata hicho.

Hiyo ndiyo njia ya kutumia pale usipoweza kutembea. Kuba ni ya vitu vinavyofikika. Mtu anayeipiga picha theluji ya Kibo kutoka Moshi hawezi kwenda kusimama juani kule kileleni na kurudi. Atapima mwanga unaorudi, na kama anayo mita ya doa, kama zile za Pentax zinazotazama nyuzi 1 tu ya mandhari, ataielekeza kwenye theluji peke yake. Mita itaitaka theluji iwe ya kijivu. Yeye ataikatalia, ataongeza stopu mbili, na theluji itakaa mahali pake. Ansel Adams na Fred Archer, walipokuwa wakifundisha Los Angeles karibu na mwaka 1940, waliigeuza akili hiyo kuwa mfumo wa kanda: kuanzia 0 ambayo ni nyeusi tupu hadi 10 ambayo ni nyeupe ya karatasi, kijivu cha mita kikiwa kanda ya 5, na kila kanda ikiwa mbali na jirani yake kwa stopu moja.

Jioni ya tarehe 1 Novemba 1941 Adams alikuwa akirudi Santa Fe kwa gari, New Mexico, pamoja na mwanawe na rafiki yake mmoja. Kando ya kijiji cha Hernandez aliona mwezi umechomoza juu ya milima, na misalaba ya makaburini ikiwaka kwa miale ya mwisho ya jua lililokuwa linashuka mgongoni pake. Akasimamisha gari. Kamera yake ilikuwa ile kubwa ya inchi 8 kwa 10, inayohitaji kusimamishwa, kukunjuliwa, kufungwa lenzi, kufunikwa kitambaa. Walipekua vyombo kutafuta mita ya Weston, hawakuiona. Jua lilikuwa linaondoka.

Alichokuwa nacho ni namba moja kichwani: uangavu wa mwezi ni kandela 250 kwa futi ya mraba. Aliamua mwezi ukae kanda ya 7, stopu mbili juu ya kijivu, ili uwe mweupe na bado uonyeshe madoa yake. Stopu mbili chini ya 250 ni karibu 60, basi 60 ndiyo iliyoangukia kanda ya 5. Kanuni aliyokuwa akiitumia inasema hivi: ukiweka tundu la lenzi kwenye namba ambayo ni kipeuo cha pili cha kasi ya filamu, sekunde za shata ni moja kugawa uangavu ule. Filamu ilikuwa ya 64, kipeuo chake ni 8, kwa hiyo f/8 kwa 1/60. Mbele ya lenzi kulikuwa na kichujio cha manjano kilichohitaji mwanga mara tatu, hivyo 1/20. Alitaka kila kitu kiwe makini kuanzia makaburini hadi milimani, akafunga mpaka f/32, stopu nne, mara 16. Ikafika takriban sekunde 1. Akafungua shata kwa sekunde 1. Akaigeuza haraka sahani ya filamu ili apige ya pili ya akiba, lakini kabla hajaifungua, mwanga ulikwisha kuiacha misalaba.

Picha hiyo, Moonrise, Hernandez, New Mexico, ni miongoni mwa zinazojulikana sana duniani, na husimuliwa kana kwamba inathibitisha kuwa fundi wa kweli hahitaji mita. Mimi naisoma kinyume. Adams aliijua ile 250 kwa sababu alikuwa mtu wa kupima. Mahesabu niliyoyaandika hapo juu, ambayo mimi nimeyaandika nikiwa nimekaa kitini, yeye aliyafanya amesimama, vidole vikifunga lenzi, kwa sababu alikwisha kuyafanya mita ikiwa mkononi mara zisizohesabika. Tena alijua asichokijua: uangavu wa makaburi yenyewe hakuupata, na kweli sehemu ya chini ya negativu ilitoka nyembamba, mwaka 1948 akaitia dawa ya kuikoleza ili ichapike kwa urahisi. Jambo linalonigusa zaidi ni hili: tarehe ya picha ile hakuiandika, na kwa miaka mingi alikuwa akitaja miaka tofauti tofauti, mpaka wanaastronomia walipoikokotoa kwa kuangalia mahali mwezi ulipokuwa. Mwaka ulimtoka. Mwanga wa mwezi haukumtoka.

Pwani yetu ina mtihani wake mwingine, nao ni jua la utosini. Saa sita mchana jua linakaa juu ya kichwa, linawasha nywele, ncha ya pua na mabega, na kuyaacha macho kwenye mashimo meusi. Kuba ikielekezwa kwenye kamera inapata nusu jua nusu kivuli, na jibu lake si la macho wala la mabega. Wapo wanaopima mara mbili, kuba ikielekea kamera na kisha ikielekea jua, wakachukua ya katikati. Wapo wanaoikinga kuba kwa kiganja wapime kivuli peke yake, maana filamu ya negativu husamehe mwanga uliozidi lakini haisamehi uliopungua, na kivuli kisichoandikwa kwenye filamu hakirudishwi na dawa yoyote ya chumba cha giza. Filamu ya slaidi ni kinyume: Kodachrome, iliyouzwa tangu 1935 hadi 2009, ilitaka usahihi wa nusu stopu, na wenye nayo walipima kwa ajili ya mng'ao. Ushauri wangu ni kumwomba mtu asogee chini ya mwembe. Ukipima pale, utaona umepoteza stopu kama tatu, na umepata macho.

Mita kuukuu zinapatikana bado, na anayetaka moja aijaribu kabla ya kuilipia. Unyevu wa chumvi ndio adui mkubwa wa seleni. Zile za baadaye, kama Gossen Lunasix ya Ujerumani, hutumia betri na huona hata kwenye mwanga wa mwezi, lakini zilitengenezewa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo zimepigwa marufuku kwa sumu yake. Ukitia za volti 1.5 bila adapta zitakudanganya. Programu za simu zinasaidia anayeanza, ingawa nyingi zinapima mwanga unaorudi tu. Jaribio la bure lipo: mchana mweupe, anga safi, weka filamu ya 100, elekeza kuba juani. Mita nzima itakuambia f/16 kwa 1/125, au karibu sana na hapo. Ikikosea kwa stopu moja kila mahali, bado inafaa. Andika kosa lake kwa kalamu kwenye mfuko wake na uwe unalifidia. Ikikosea hivi juani na vile kivulini, iache.

Tofauti ya mwenye kupima na asiyepima utaiona filamu ikishasafishwa na kukaushwa. Yule aliyeifuata mita ya ndani ya kamera harusini atakuwa na mkanda wenye fremu nzito na fremu nyepesi zikipokezana, nzito alipokuwa akitazama majoho, nyepesi alipotazama kanzu, na kila moja itataka muda wake kwenye mashine ya kuchapia. Yule aliyepima barazani mara moja, akapima uani mara moja, na asiguse kitu mpaka wingu lilipopita, atakuwa na picha 36 zenye uzito mmoja. Mchapaji ataitafutia muda ile ya kwanza, sekunde 11 labda, na zinazofuata atazichapa zote kwa sekunde hizo hizo.